Ngoma Tatu Ndani ya Gitaa Moja

Kama umewahi kuingia City Stadium, pale Jogoo Road, siku Leopards wanacheza, unajua isukuti utaisikia kabla hujaona mpira. Ngoma kubwa, ya kati na ndogo, vyuma vinalia, pembe inapulizwa. Klabu yenyewe ilianza mwaka 1964 ikiitwa Abaluhya United, na ngoma ilikuja mjini na watu wake kutoka Magharibi.

Lakini siku ambazo hakukuwa na mechi, hiyo ngoma ilikaa wapi?

Vyumba vingi vya Eastlands ya zamani vilijengewa wanaume waliotakiwa wafanye kazi mjini na familia ibaki kijijini. Unashiriki keja na wenzako, na jirani ana shifti ya asubuhi. Hebu jaribu kupiga isukuti humo saa nne usiku.

Gitaa, hilo linaingia. Miaka ya hamsini gitaa la Kongo lilikuwa likitamba, na mwaka 1959 Mwenda Jean Bosco mwenyewe alikaa Nairobi na kusikika redioni. Ila huko Kisa, George Mukabi alikuwa na mtindo wake, omutibo. Gumba linashika besi kama ngoma kubwa, kidole cha shahada kinajibu juu kama ile ndogo, na pembeni mtu anakwaruza chupa ya Fanta. Kundi zima la isukuti limeingia kwenye vidole viwili. Mdundo ulikuwa wa nyumbani, lakini maneno mara nyingi yalikuwa ya Kiswahili, kwa hivyo hata Mkamba na Mjaluo wa ploti moja walielewa anamlilia nani.

Mukabi alifariki mwaka 1963, mwaka ule ule wa uhuru, bado kijana. Mdundo wa Magharibi haukufa naye. Daudi Kabaka aliupeleka kwenye twisti, na mwaka 1968 bendi ya Uingereza, The Tremeloes, ikarekodi wimbo wake "Helule Helule" ukafika nambari 14 kwenye chati za huko. Waingereza walikuwa wanaucheza mdundo huu kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Sisi je? Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, kwa sababu wazee wanaondoka na vijana hatujifunzi. Na tukiulizwa muziki wa Eastlands ulianza lini, tunataja Calif Records, genge, tunaishia hapo. Genge ni yetu, sikatai. Lakini kabla yake kulikuwa na watu waliotafuta jinsi ya kubeba ngoma tatu ndani ya basi la kuja Nairobi.

Mwanawe Mukabi, Johnstone, aliushika mtindo huo, na mwaka 2017 rekodi za babake zilitolewa upya kwenye albamu "Furaha Wenye Gita". Itafute. Vaa earphone, achana na sauti kwanza, sikiliza gumba.