Watoto wa Chai: Ugomvi wa Mwaka 1938

Kila ifikapo tarehe 12 Juni, siku ambayo Shirika la Kazi Duniani liliitenga tangu mwaka 2002 kwa ajili ya kupinga utumikishwaji wa watoto, hutolewa hotuba nyingi na hesabu za kuhuzunisha, ya karibuni ikiwa ile ya watoto milioni 138 waliokuwa kazini mwaka 2024. Lakini katika hotuba hizo sijapata kusikia ikitajwa Kericho, nchini Kenya, wala kasisi aliyeikabili serikali ya mkoloni kwa ajili ya watoto waliochuma chai huko.

Chai ilipandwa Limuru mwaka 1903, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza makampuni yakafyeka vilima vya Kericho, yakataka mikono mingi kwa ijara ndogo. Baba aliandamwa na kodi ya kibanda. Mwana akajitwika kikapu mgongoni, akaingia shambani alfajiri umande ungali juu ya majani, nguo ikamlowa hadi kiunoni, akakwanyua majani mawili na kichipukizi chake, na mnyapara nyuma yake.

Ndipo ikaja sheria mpya ya kuajiri watumishi, iliyoruhusu mtoto wa miaka 10 aandikwe kazi. Walter Edwin Owen, Arkidikoni wa Kavirondo, yaani Nyanza na Magharibi ya leo, mtu ambaye tangu miaka ya 1920 alikuwa pamoja na wenyeji katika chama cha kutetea walipa kodi, alighadhibika, akaandika barua katika gazeti la Manchester Guardian, hata fadhaa ikafika London na gavana akalazimika kuunda halmashauri ya uchunguzi mwaka 1938. Masetla, ambao walikwisha kumchukia kitambo, walilichezea jina la cheo chake wakamwita mkuu wa mashetani. Hoja yao ilikuwa kwamba watoto huja kwa hiari, kazi ni nyepesi, na chakula cha shambani kinashinda cha kwao. Lakini hiari ya mtoto ambaye nyumbani kwake kodi inadaiwa na sahani ni tupu si hiari, na ninasikitika kwamba maneno hayo hayo, bila kubadilishwa ila lafudhi, husemwa mpaka leo na watu wenye kusoma, waliomtoa binti wa watu kijijini aje kuwalelea watoto mjini.

Owen alifariki mwaka 1945. Uhuru ukaja, ikaja Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, na mwaka 2003 ada ya shule za msingi ikafutwa. Sasa Kericho mashine zinachuma chai, na wanaolilia kazi ni watu wazima.

Mtoto aliyekuwa na miaka 10 wakati wa ugomvi ule, ikiwa Mungu amemjalia uhai, anakaribia miaka 100. Wanahabari wetu na waalimu wa historia wamwendee huko vilimani mwaka huu huu, waketi naye kitako, wamuulize kikapu kilipojaa kilikuwa na uzito gani, na ile ijara aliipokea nani.