Ukienda likizo, samaki wako utamwachia nani?

Wiki hii rafiki yangu mmoja anayekwenda likizo kaniomba nimwangalizie samaki wake. Nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza. Mara ya mwisho kupewa kazi hiyo, niliwaua wote.

Ilikuwa Desemba 2009, nipo darasa la sita hapa Dar. Jirani yetu, mwalimu mstaafu ambaye watoto wote wa mtaa tulimwita Babu, alikuwa anakwenda Songea kula Krismasi na wanawe. Sebuleni kwake kulikuwa na tangi la kioo lenye samaki kumi na mmoja. Akaniachia ufunguo na kopo la chakula. "Mjukuu wangu, kidogo tu, mara moja kwa siku." Nikasema sawa Babu.

Sasa, kila nikisogea kwenye kioo samaki wanapanda juu wakifungua midomo. Nikaona hawa wana njaa. Nikawapa asubuhi, mchana na jioni. Siku ya nne maji yalikuwa kama yale ya kuoshea mchele. Siku ya saba nikakuta wanne wanaelea. Unajua nilifanya nini? Nikadhani ni njaa, nikaongeza chakula! Babu aliporudi hakukuta hata mmoja. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mjukuu wangu, umewahurumia mno." Angenichapa ningesahau mapema.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za samaki wa kwenye kioo, na nimegundua kwamba kosa langu lina historia ndefu.

Wachina ndio waliotangulia. Walifuga samaki wa dhahabu kwenye mabwawa tangu enzi za Song (960–1279), na kufikia enzi za Ming (1368–1644) walikuwa wanawaweka hata ndani ya nyumba, kwenye vyombo vya udongo. Ulaya mambo yalichelewa. Tarehe 28 Mei 1665, Samuel Pepys, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliandika kwenye shajara yake kwamba ameona samaki wa kigeni wakiishi ndani ya chombo cha kioo chenye maji. Aliamini wangeweza kuishi humo milele. Chakula hakukitaja kabisa! Kwake samaki alikuwa kama pambo la ukutani.

Aliyeanza kulichukulia jambo hili kisayansi ni Robert Warington, mkemia wa London. Aliweka samaki wa dhahabu kwenye chombo pamoja na majani ya majini. Majani yalipozeeka yakaoza, maji yakachafuka. Akaongeza konokono. Konokono wakala uozo, maji yakatakata, na vitoto vyao vikawa chakula cha samaki. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1850 na chama cha wanakemia cha London. Kwa maneno mengine, alipata chombo kinachokaribia kujilisha chenyewe.

Watu wakapagawa. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua jumba la samaki, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake kuhusu matangi hayo. Kila sebule yenye uwezo ikataka la kwake. Lakini wengi walijaza viumbe kupita kiasi, wakaamka asubuhi na kukuta harufu. Miaka ya 1860 homa hiyo ikapoa.

Kwa nini samaki walikufa? Watu wa wakati huo walidhani siri yote ni hewa: majani yanatoa oksijeni, samaki wanaivuta, basi mizani imekaa sawa. Kumbe kulikuwa na wafanyakazi wengine wasioonekana. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, waliokuwa wakichunguza maji taka, walionyesha kwamba amonia inabadilishwa na vijidudu hai. Baadaye Mrusi Sergei Winogradsky akafanikiwa kuwatenga bakteria wenyewe. Hapo ndipo penye siri ya tangi la Babu. Uchafu wa samaki na chakula kilichobaki vinapooza hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi kwenye mchanga na kwenye chujio huigeuza, lakini wana kiwango chao. Ukimwaga chakula cha siku tatu kwa siku moja, kinachooza ni kingi kuliko wanachoweza kukimudu, na uozo huohuo unakula oksijeni ya maji. Samaki wangu hawakufa njaa. Walikufa kwa sumu niliyowamwagia mwenyewe.

Na likizo imeingiaje? Zamani mwenye tangi alikuwa nyumbani karibu kila siku. Likizo yenye malipo kwa wafanyakazi wote ni jambo la juzi tu. Ufaransa iliweka sheria ya wiki mbili mwaka 1936, Uingereza ikapitisha yake mwaka 1938. Mfanyakazi wa kawaida mwenye samaki akapata siku za kusafiri, na hapo hapo akapata swali: samaki nimwachie nani? Halikuwa swali rahisi, maana chakula chao wakati huo kilikuwa vidudu hai vya kuchota bwawani na minyoo. Jirani gani atakubali kazi hiyo?

Jibu lilitoka Ujerumani. Mwaka 1955 Ulrich Baensch alileta TetraMin, chakula kikavu cha vipande vyembamba kama karatasi, ndani ya kopo. Hakinuki sana, hakihitaji bwawa, hata mtoto wa darasa la sita anaweza kukitoa. Na hapo ndipo hatari ilipoingia, maana kabla ya hapo mkono ulizuiwa na uhaba. Baadaye zikaja tembe za likizo, zile za jasi zinazoyeyuka taratibu majini, na mashine za betri zinazodondosha chakula kwa saa. Vyote vinasaidia kiasi, ingawa tembe zinaweza kuchafua maji na mashine inaweza kukwama.

Wadau, samaki si kama sisi. Mwili wake haupashi joto lake wenyewe, kwa hiyo hutumia chakula kidogo sana. Wengi walio wazima na wenye afya hukaa wiki nzima bila kula na hawadhuriki. Vifaranga tu ndio hawawezi. Kupanda juu wakikuona si lazima iwe njaa, wamezoea tu kwamba mtu akija, chakula kinakuja. Hata samaki wetu wa Ziwa Tanganyika wanafundisha hilo. Tropheus, ndugu wa mbali wa sato, ana utumbo mrefu na kazi yake ni kukwangua mwani kwenye miamba. Akifugwa Ulaya akalishwa mno vyakula vya nyama, tumbo linavimba na anakufa. Shibe inamuua.

Kwa hiyo nimekubali kazi ya rafiki yangu, kwa masharti. Abadilishe sehemu ya maji siku chache kabla ya safari, asiongeze samaki mpya, na chakula akifunge kwenye vikaratasi, kimoja kwa kila siku mbili, kila kimoja kidogo kiasi cha kwisha ndani ya dakika mbili. Kopo lenyewe nimemwambia asafiri nalo.

Babu alishatangulia mbele ya haki. Hakuwahi kununua samaki wengine, na lile tangi alilipandia maua. Kila nikipita pale kwake nalikumbuka. Huruma bila maarifa inaua, wadau.

Alamsiki.