Kwa Nini Wakamba Hawakuamini

Wahenga walisema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini historia yatutaka tuulize kwanza mkuu huyo ni nani, na kwa neno lake apata nini.

Mwaka 1937 Colin Maher, ofisa wa serikali ya Kenya, aliandika kwamba nchi ya Machakos yaharibika: ng'ombe wamezidi malisho, na mvua zachukua udongo. Hayo hayakuwa uongo. Makorongo yalionekana kwa macho. Hata hivyo Wakamba hawakuyaamini, maana serikali hiyo hiyo iliwapa Wazungu sehemu ya malisho yao, na dawa iliyoleta ni kuwanyang'anya ng'ombe na kuwauza kwa bei duni. Julai 1938 maelfu walikwenda Nairobi, wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakakaa majuma kadhaa wakidai mifugo yao. Mbingu alihamishiwa Lamu kwa nguvu. Lakini kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuuza ng'ombe kwa lazima.

Je, nchi iliangamia? La. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walionyesha kwamba watu wa Machakos wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na mmomonyoko umepungua. Wenyeji walichimba matuta na kupanda miti, hasa walipopata faida ya kahawa na soko la Nairobi.

Basi tusiwaite wajinga, wala tusiseme hatari haikuwapo. Anayetabiri maangamizi leo hana budi kujua kwamba watu huupima utabiri kwa kile wanachonyang'anywa pamoja nao.