"Panda Gari": Amri Iliyogeuka Jina

Ukifika alfajiri katika kituo cha mabasi cha Arua, utamsikia kondakta akiwaita abiria wa Kampala: "Panda gari!" Hapo hapana nahau. Ni kitenzi na yambwa yake, basi. Lakini ukiwasikia wazee wa Koboko wakisema "siku zile za panda gari", fahamu kwamba hawazungumzii safari.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 1980, serikali ya Milton Obote ilikabiliwa na vita vya msituni. Askari wa UNLA walikuwa wakizingira mitaa ya Kampala na viunga vyake, wakiwakusanya wakazi na kuwaamuru kupanda malori. Wako ambao hawakurudi tena. Watu wakaupa msako huo jina la amri yenyewe, na hivyo amri ikawa nomino: mtu "alichukuliwa katika panda gari".

Kwa watu wa West Nile hofu ilikuwa na mizizi zaidi. Idi Amin, aliyepinduliwa Aprili 1979, alihesabiwa kuwa mtu wa huku. Mapigano ya Oktoba 1980 yalikuwa yamekwisha kuwafukuza wengi wa Arua na Koboko hadi Zaire na Sudani. Mlugbara au Mkakwa aliyesimamishwa kizuizini alitambulishwa na jina lake kabla hajajieleza.

Basi usiandike katika insha kwamba "polisi walimfanyia mwizi panda gari". Mshukiwa aliyetajiwa kosa lake amekamatwa tu. Panda gari ilikuwa zoazoa ya umati usioshtakiwa kwa lolote. Wala usitarajie msomaji wa Tanga au Mombasa akuelewe. Yeye ataona abiria na nauli. Ukimwandikia yeye, sema "msako" au "kamatakamata", au ueleze asili ya msemo.

Pana jambo la sarufi pia. Umati huambiwa "pandeni", si "panda". Kiswahili cha jeshini, tangu enzi za King's African Rifles, kimezoea kuidondosha hiyo "-ni", ndiyo maana watu mia waliamriwa kama mtu mmoja. Mimi humkata mwanafunzi alama kwa kosa hilo, ila katika jina hili siikati: ndivyo lilivyotamkwa.

Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 23, inataka anayekamatwa aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoielewa, na kama hajaachiliwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Marekebisho ya 2005 yakakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Kwa hiyo, zoezi la wiki hii: kamilisha sentensi "Unakamatwa kwa sababu…", kisha uiandike upya ukiwaambia watu wengi.