Mwamba Mbovu wa Soultz

Kaskazini mwa Alsace, nchini Ufaransa, mafuta ya ardhini yalijulikana zamani sana kabla ya gari. Maandishi ya mwaka 1498 yanaitaja chemchemi ya Pechelbronn iliyotoa maji yenye mafuta, na tangu mwaka 1745 watu walikuwa wakishuka mashimoni kuchimba mchanga uliolowa mafuta hayo. Baadaye vikaja visima, maelfu ya visima. Katika kimojawapo, Septemba 1927, mafundi wa ndugu Conrad na Marcel Schlumberger waliteremsha vipimo vya umeme kwa mara ya kwanza duniani ili kuusoma mwamba wasioweza kuuona. Lakini visima vya Pechelbronn vilikuwa na sifa nyingine ambayo wachimba mafuta hawakuwa na haja nayo: vilikuwa vya moto kupita kiasi. Kwingi duniani, kila unaposhuka kilometa moja joto huongezeka nyuzi 30 hivi za Selsiasi. Hapa, katika kilometa ya kwanza tu, liliongezeka nyuzi 100 hivi.

Uchimbaji wa mafuta ulikoma mwaka 1970. Miaka 17 baadaye mitambo ya kuchoronga ilirudi, safari hii kwa ajili ya joto lenyewe, katika mji mdogo jirani wa Soultz-sous-Forêts. Ulikuwa mradi wa Ufaransa na Ujerumani uliosaidiwa na fedha za Ulaya.

Wazo walilokuja nalo lilitoka Los Alamos, New Mexico, katika maabara ileile iliyotengeneza bomu la atomiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wahandisi wa huko waliona kwamba umeme wa jotoardhi umefungwa katika sehemu chache ambako asili imekutanisha joto, maji na nyufa. Joto liko kila mahali ukishuka vya kutosha. Basi itafutwe graniti nzima, kavu, isiyopitisha maji; itobolewe; isukumiwe maji kwa nguvu mpaka ipasuke; kisha kisima cha pili kiufuate ufa huo. Maji baridi yaingie huku, yatoke kule yakiwa ya moto. Waliliita jambo hilo mwamba mkavu wa moto. Ni wazo la kumfurahisha mhandisi yeyote, maana karibu kila kitu ndani yake kinatengenezwa na binadamu na hakuna kinachoachiwa bahati. Walianza kuchoronga Fenton Hill, hukohuko New Mexico, mwaka 1974, na mwaka 1977 maji yakawa yanazunguka. Mwaka huohuo Waingereza nao wakaanza majaribio yao katika graniti ya Cornwall.

Onyo lilikuja mapema. Katika awamu ya pili ya Fenton Hill, visima viwili vilichorongwa kwanza, ndipo maji yakasukumwa ili ufa uviunganishe. Haukuviunganisha. Badala ya kupasua njia mpya pale palipokadiriwa, maji yalizifungua nyufa za kale zilizokuwemo tayari na kufuata mwelekeo wake. Ilibidi kisima kichorongwe upya kuufuata ufa ulikokwenda. Mwamba ulikuwa na historia yake, na hakuna aliyekuwa ameiuliza.

Soultz walianza na matumaini yaleyale. Mwaka 1987 kisima cha kwanza, GPK1, kilipita meta 1,400 za mawe ya mchanga, chokaa na udongo, kikaingia kwenye graniti yenye umri wa miaka milioni 330 hivi. Kwa hesabu za juu juu, kwenye meta 2,000 joto lingekuwa nyuzi 200. Vipimo vikasema 140. Mwaka 1992 kisima kiliteremshwa hadi karibu meta 3,600, na joto likafika nyuzi 160 tu. Kilometa moja na nusu na ushei, kwa nyuzi 20! Waliotegemea umeme walikata tamaa kidogo. Waliojua tabia ya joto walishtuka, kwa kuwa mwamba mkavu haufanyi hivyo. Joto likikaa karibu sawasawa kwa kina kirefu namna hiyo, kuna kitu kinachozunguka na kulisambaza, na kitu hicho ni maji.

Ushahidi wa kushika mkononi ulitoka kwenye kisima cha jirani, EPS1, kilichochorongwa mwaka 1990 na 1991 hadi meta 2,227. Humo mwamba haukusagwa; ulikatwa na kutolewa kama nguzo nyembamba, kipande baada ya kipande. Wanajiolojia Albert Genter, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1989 ilihusu graniti hiyohiyo, na Hervé Traineau waliipitia nguzo hiyo na kuandika kila ufa. Walikuta maelfu ya nyufa. Nyingi mno zilikuwa zimezibwa, na zilizobaki wazi ni za kuhesabika. La muhimu zaidi, graniti yenyewe ilikuwa imeharibika mara mbili.

Uharibifu wa kwanza ni wa kale, na ulienea mwilini mwote mwa mwamba. Maji ya moto yaliugeuza ulanga mweusi kuwa madini ya kijani yaitwayo kloraiti. Kwa mtu asiye mtaalamu hiyo bado ni graniti tu, ngumu kama kawaida, labda yenye ukijani kidogo. Uharibifu wa pili ndio wenye kisa. Huo ulizifuata nyufa. Kando ya kila ufa mkubwa ulanga umeliwa, na feldispa yenye sodiamu na kalisi nayo imeliwa, vyote vikaacha ilaiti, ambayo ni udongo laini wenye potasiamu nyingi. Maji yaliondoka na sodiamu. Kalisi ilirudi ndani ya nyufa kama fuwele nyeupe za kalsaiti, silika ikarudi kama kwatzi mpya, na chuma kilichokuwa kwenye ulanga kikabaki kama hematiti, ile rangi ya kutu. Kwatzi ya zamani ilisalia. Kipande cha namna hiyo ni kama muhogo uliovundikwa: umbo lipo, ugumu umekwisha. Graniti nzima ya Soultz haina hata asilimia 1 ya nafasi wazi ndani yake. Iliyoliwa inaweza kupita asilimia 10.

Kwa mchorongaji mwamba wa namna hii ni balaa. Kuta za kisima humomonyoka, na tope la kuchorongea, linalopaswa kurudi juu na vumbi la mawe, hupotelea ardhini. Mwaka 1995, kisima cha GPK2 kilipofika karibu na meta 2,100, tope lilizama lote. Lakini lilikuwa likienda wapi? Kwenye mwamba uliooza, ambamo kulikuwa na maji yaliyokaa huko tangu zamani, yenye gramu 100 hivi za chumvi kwa kila lita, mara tatu ya bahari. Mbinu ya kutafuta graniti safi ilikuwa imegeuka juu chini: sehemu iliyotakiwa kuepukwa ndiyo iliyostahili kutafutwa.

Kwa wasomaji wa kwetu hilo halistaajabishi. Olkaria, nchini Kenya, mwamba ni wa volkano na maji ya moto yanajulikana, na wataalamu wa huko husoma madini yaliyozaliwa na maji hayo kama kipimajoto. Wakiona epidoti kwenye vumbi la kisima, wanajua joto limewahi kuzidi nyuzi 240. Ila hao hawakuwahi kudhani mwamba wao ni mkavu.

Katika visima vya kilometa tano vilivyofuata Soultz, nguzo za mwamba hazikukatwa, kwa kuwa ni ghali. Hapo uvumbuzi wa Pechelbronn, wa kuteremsha vipimo kisimani, ulipata kazi mpya. Kipimo cha mionzi ya gama huteremshwa kisimani kuhesabu potasiamu, thoriamu na urani, na palipo na ilaiti nyingi potasiamu hupanda. Namna hiyo ramani ya uozo ikachorwa bila mtu kugusa jiwe. Ilionyesha jinsi kazi yote inavyobebwa na nyufa chache. Katika kisima kimojawapo, GPK3, ufa mmoja wa kina cha karibu meta 4,770 hupitisha zaidi ya nusu ya maji.

Nyufa hizo hazikufunguka kwa hiari. Madini yaliyozaliwa na uozo ndiyo pia yaliyoziziba, hivyo mafundi walisukuma maji kwa shinikizo, na baadaye asidi ya kuyeyusha kalsaiti. Juni 2003 shinikizo lilileta tetemeko la kipimo cha 2.9, na wakazi walilalamika. Mtambo wa umeme ulianza kazi mwaka 2008 ukiwa na megawati 1.5. Ni kidogo mno kwa miaka 20 ya kazi. Mtambo wa kwanza wa Olkaria, mwaka 1981, ulikuwa na megawati 15. Kwa maoni yangu Soultz haikuwa kituo cha umeme, ilikuwa shule.

Wanafunzi wake walionekana Rittershoffen, kilometa chache kutoka hapo. Hawakwenda kilometa tano. Walitafuta ufa mkuu unaokata sehemu ya juu ya graniti. Kisima cha kwanza, cha mwaka 2012, kilihitaji kusukumwa na kutiwa asidi. Cha pili, cha mwaka 2014, kilichorongwa kwa kuufuata ufa wenyewe hadi meta 3,196, kikatoa maji mengi bila kusukumwa. Tangu mwaka 2016 megawati 24 za joto husafiri kwa bomba la kilometa 15 hadi kiwanda cha wanga cha Beinheim.

Mradi mwingine, Vendenheim karibu na Strasbourg, ulirudi kwenye kina cha kilometa tano. Desemba 2020 ardhi ilitetemeka kwa kipimo cha takriban 3.5, na serikali ikausimamisha. Watafiti wa Ujerumani walikuwa wameonyesha tayari, kwa takwimu za Soultz, kwamba palipo na udongo mwingi ndani ya ufa mwamba huteleza kwa upole zaidi, na matetemeko makubwa huelekea kutokea palipo na graniti ngumu.