Kilatini, Kihaya, Kigogo: Masikio ya Kibosho na Nyimbo za Mbali

Watu wa Kibosho, Wachagga wa mteremko wa Kilimanjaro, wana mazoea ya zaidi ya karne moja ya kuimba wasichokielewa. Mwaka 1893 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni hapa, miaka 3 baada ya ile ya Kilema, na miaka 2 tu baada ya majeshi ya Kijerumani ya Wissmann kuivunja ngome ya Mangi Sina, mtawala wa Kibosho. Walileta msalaba, shule na Misa ya Kilatini. Kilatini hicho kiliimbwa kati ya migomba hadi Mtaguso wa Pili wa Vatikano, wa 1962 hadi 1965, ulipozifungulia mlango lugha za watu. Bibi aliyejua Gloria nzima kwa moyo, pumzi kwa pumzi, bila kujua neno moja lilimaanisha nini, hakuwa kichekesho. Ndivyo kanisa zima lilivyoimba.

Hilo linafaa kukumbukwa pale wachambuzi wa mjini wanaposema kwamba msikilizaji wa kijijini hutaka ujumbe kwanza, na muziki uubebe tu. Mlimani mambo yamekwenda kinyume: sauti hutangulia, maneno hufuata, na wakati mwingine maneno hayafiki kabisa.

Wachagga walikuwa na ngoma yao ya iringi kabla ya padri yeyote, mwimbishaji akitupa mstari na duara likimjibu. Kinanda cha kanisa hakikuiua. Kilikaa kando yake. Kwa Walutheri wa Machame na Old Moshi yalikuja matarumbeta, na mpaka leo harusi ya Moshi isiyo na matarumbeta juu ya pikapu huonekana nusu harusi. Kwa hiyo anayedhani kwamba kuchanganya wimbo wa asili na chombo cha kigeni ni uvumbuzi wa kizazi cha kompyuta amechelewa sana kufika.

Kahawa ndiyo iliyoingiza mashine za kusikilizia majumbani. Wakulima walikuwa na umoja wao wa KNPA tangu 1925, uliogeuka KNCU mwaka 1933, na bei ilipopanda miaka ya 1950 fedha ilionekana kwenye mabati, kwenye karo, na kwa waliobahatika, kwenye gramafoni na redio. Sauti ya Dar es Salaam ilikuwa imeanza kutangaza mwaka 1951. Mwaka 1963 mji wa Moshi wenyewe ukaingia hewani kwa njia ya kuzunguka: vipindi vya Kiswahili vya redio ya Sauti ya Injili vilirekodiwa Moshi, kanda zikapelekwa Addis Ababa, na kutoka huko vikarushwa kwa masafa mafupi hadi kurudi kwa waliovitengeneza. Mpango huo ulidumu hadi 1977, serikali ya Ethiopia ilipokitaifisha kituo.

Redio ilikuwa moja, masikio mengi. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mtu wa Kibosho hakukutana na muziki mpya kwa njia ya albamu. Alisikia wimbo mmoja, mbele za watu, uliochaguliwa na mwingine. Mchaguzi alikuwa mtangazaji, kisha mwenye baa, kisha dereva wa Hiace ya kupanda mlima akiwa na kanda 3 kwenye dashibodi. Desemba alikuwa shemeji kutoka Dar es Salaam. Wachagga wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, mabasi hujaa na magari hupandisha kwa foleni, na pamoja na mchele na vitenge hupanda nyimbo zote zilizopigwa mjini mwaka mzima. Pombe ya mbege ikishazunguka, mtu huweka wimbo wake, wengine huhukumu.

Ni kwa njia hiyo mwimbaji Saida Karoli alifika kila kona ya nchi. Alizaliwa 1976 Bukoba vijijini, akakua na ngoma na nyimbo za Kihaya, na albamu yake Maria Salome ya 2001 ilitoka kwenye kanda zilizouzwa stendi na madukani. Ngoma yake ilisikika, lakini chini yake kinanda cha umeme kilijaza pengo ambalo kijijini lingejazwa na vigelegele na makofi. Fundi wa studio hakuficha mashine yake wala hakuitanguliza. Wachagga, Wasukuma na Wapemba waliuimba wimbo walioubatiza Chambua Kama Karanga bila kujua Kihaya, kama vile bibi wa Kibosho walivyomudu Kilatini. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliujenga upya wakauita Salome, na si vijana wachache waliodhani umeanza hapo.

Mwaka mmoja baada ya Maria Salome ikatoka kazi nyingine, ya aina hiyohiyo kwa jina lakini ya safari tofauti kabisa.

Hukwe Zawose alikuwa Mgogo wa Dodoma, mwana wa familia ya wapigaji. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, na baadaye makazi yake yakawa Bagamoyo, alikofundisha Chuo cha Sanaa. (Bagamoyo hiyohiyo ndiyo iliyokuwa kambi kuu ya mapadri wa Roho Mtakatifu tangu 1868, kabla hawajaukwea Mlima; mji huo una tabia ya kutuma sauti mbali.) Alipiga zeze na ilimba, chombo cha vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na koo lake lilishuka hadi mkoromo na kupanda hadi sauti ya mtoto ndani ya wimbo mmoja. Kampuni ya Real World ya Peter Gabriel, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1989, ilikuwa imekwisha kutoa muziki wake mtupu. Mwaka 2002 ikatoa Assembly, aliyoifanya na Mkanada Michael Brook, mpiga gitaa aliyebuni gitaa ambalo noti yake haikatiki mpaka mpigaji aikate mwenyewe.

Assembly ni albamu yenye mvutano. Pale Brook anapoacha noti zake ndefu zilale nyuma ya ilimba, masikio hayajui kinachotetema ni chuma au umeme, na hiyo ndiyo raha yake. Pale midundo ya kompyuta inapojipanga sawasawa mbele, Zawose anaonekana mgeni nyumbani kwake: wimbo wa Kigogo hupumua na kuchelewa kidogo, mashine haichelewi. Tena ilikuwa CD ya soko la Ulaya na Marekani hasa. Kanda ya Saida ilipanda Kibosho ndani ya Hiace. Kazi ya Zawose, bingwa mkubwa zaidi, ilihitaji mtu aitafute. Alifariki Desemba 2003.

Familia haikuacha. Mwanawe Msafiri alitoa Uhamiaji mwaka 2017 na kampuni ya Soundway, akiwa na mtayarishaji Mwingereza Sam Jones. Humo vifaa vya umeme vinafuata mwendo wa ilimba badala ya kuuburuta. Mwaka 2024 wakaja Pendo na Leah, binti na mjukuu wa Hukwe, kwa jina la The Zawose Queens, na albamu Maisha. Wanawake wa Kigogo ndio wenye ngoma za muheme, lakini kwa miaka mingi kwenye rekodi za familia walisikika nyuma; sasa wametangulia.

Simu imebadilisha mwenye kuchagua. Kijana wa Kibosho anaweza kusikiliza Maisha yote peke yake akiwa kihambani, kwenye migomba ya kwao, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, jambo ambalo babu yake hakupata nafasi ya kulifanya hata siku moja. Hasara yake ni kwamba hakuna wa kubishana naye.

Anayetaka kuuanza muziki huu asianze na Assembly. Aanze na Chibite ya Hukwe Zawose, ambamo mashine hazipo, ili ajue ilimba inasema nini ikiwa peke yake. Kisha Assembly, kisha Uhamiaji, ambayo kati ya zote ndiyo iliyopatia zaidi kipimo cha umeme. Na atumie hedifoni, kwa sababu spika ya simu huimeza sauti ya chini ya ilimba yote.