Leseni ya bodaboda: Mafunzo kwanza, abiria baadaye

KUJUA kuendesha pikipiki hakutoshi kumruhusu mtu kuingia katika biashara ya bodaboda nchini Kenya. Sheria inamtaka athibitishe kwamba anaweza kumbeba mwenzake na kumfikisha salama. Utaratibu huo husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), iliyobuniwa kwa sheria ya mwaka 2012.

Leseni za pikipiki zina madaraja matatu. A1 ni ya pikipiki ndogo zenye injini isiyozidi cc 50. A2 ni ya pikipiki za kawaida, nayo A3 ni ya wanaobeba abiria au mizigo kwa malipo, wakiwemo wahudumu wa bodaboda, wasambazaji wa vifurushi na madereva wa tuktuk. Hivyo basi, mwenye A2 anayekwenda kazini kwa pikipiki yake hana idhini ya kusimama stejini kungojea wateja.

Anayeanza huchukua leseni ya muda, akasomea katika shule ya udereva iliyoidhinishwa, kisha akafanya mtihani wa NTSA.

Tofauti ya madaraja ina sababu. Uzito ukiongezeka nyuma, pikipiki huhitaji nafasi ndefu zaidi ili isimame, na hata kukata kona hubadilika. Aliyejifunza peke yake uwanjani hayajui hayo hadi siku atakapompakia mtu.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaruhusu abiria mmoja tu kwa safari, na inawataka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), helmeti iliyovaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74.

Hata hivyo, utekelezaji umekuwa na pengo. Tangu serikali iondoe ushuru wa VAT kwa pikipiki zisizozidi cc 250 mnamo 2008, biashara hii imekua kwa kasi. Vijana wengi hufunzwa na rafiki kwa siku chache, kisha wakaanza kazi kwa pikipiki ya mtu mwingine wanayeipelekea hesabu kila jioni. Kwao, siku ya darasani ni siku isiyo na mapato.

Machi 2022, baada ya mwanamke kushambuliwa na wahudumu jijini Nairobi, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza wahudumu wote wasajiliwe upya. Msako uliofuata ulisitishwa baada ya siku chache.

Wajibu si wa mwendeshaji pekee. Sheria hiyo hiyo inamkataza mwenye pikipiki kumkabidhi mtu asiye na leseni. Anayempa ufunguo mtu asiye na leseni huvunja sheria, na anayehatarishwa ni abiria asiyejua lolote.